Mahakama ya Mapango Elfu

Kuna walioniandikia kuuliza mbona kimya. Test mbili ndani ya wiki moja, jamani, ndiyo jibu. Leo sitaki kuzungumzia foleni ya kafeteria wala bumu limechelewa au halijachelewa. Leo ni historia, isipokuwa ni historia ya nchi ambayo haijawahi kuwepo.

Nchi yenyewe inaitwa Doriath. Mwenye nayo ni J.R.R. Tolkien, yule mzee wa Lord of the Rings, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akakulia Uingereza, akafariki mwaka 1973. Wengi mmeona filamu na mnawajua wale watu wa kwake warefu, wenye kuishi miaka bila kufa. Sasa kuna tatizo la lugha hapa. Kwa Kiingereza mmoja wao ni "elf". Nikisema "elfu" mtaanza kuhesabu, nikisema "maelfu" ndo kabisa. Kwa hiyo nitawaita Waelvi, mmoja wao Mwelvi, tuendelee.

Kilichonifanya niandike ni ubishi wa chumbani. Mwenzangu wa chumba anasoma sheria, na anaamini kwamba bila sheria zilizoandikwa hakuna mahakama, kuna mkutano tu wa wakubwa. Nikamwambia hebu sikiliza kesi ya Túrin kwanza. Tulilala saa nane.

Doriath ilikuwa msitu mkubwa, na katikati yake kulikuwa na ikulu iliyochongwa ndani ya mwamba, Menegroth, maana yake Mapango Elfu. (Mnaona? Hata huko elfu imo.) Mfalme ni Thingol. Malkia ni Melian, ambaye hakuwa Mwelvi bali roho mwenye nguvu aliyejivika mwili, na ndiye aliyeuzungushia msitu ule uchawi uitwao Mshipi wa Melian. Mgeni asiyeruhusiwa akijaribu kuingia anapotea njia tu, anazunguka mpaka achoke. Kwa hiyo ulinzi wa mpaka ulikuwa mkubwa sana. Lakini ndani ukitafuta kitabu cha sheria hukioni. Hakuna orodha ya makosa na adhabu, hakuna wakili wala hakimu mwingine wa kumkatia rufaa. Kuna mfalme amekaa kitini, kuna makamanda wake wawili, Mablung na Beleg, ambao ndio macho yake, na kuna watu wanaosimama kusema walichokiona. Basi.

Kesi yenyewe sasa. Túrin alikuwa binadamu, si Mwelvi. Baba yake, Húrin, alitekwa vitani, na mama yake alimpeleka Doriath akiwa na miaka 8 ili apone. Thingol akamchukua kuwa mwanawe wa kulea, heshima kubwa isiyo ya kawaida. Kulikuwa na mshauri mmoja wa mfalme, jina lake Saeros, ambaye hilo lilimkereketa. Cha kuchekesha ni kwamba Saeros mwenyewe hakuwa mwenyeji wa asili. Alitokana na kabila la Waelvi waliokimbilia Doriath baada ya kiongozi wao kuuawa vitani. Yaani mkimbizi wa zamani anamchukia mkimbizi mpya. Hili mnalijua, halihitaji maelezo.

Túrin alipofika miaka 20 alirudi siku moja kutoka mpakani alikokuwa akipigana, nywele timtim, nguo zimechakaa, akakaa kula kwenye kiti ambacho kwa kawaida ni cha Saeros. Hakujua. Mfalme hakuwapo mezani. Saeros akaanza kejeli, mpaka akafika kwa wanawake wa kwao Túrin, akiuliza kama nao wanakimbia porini kama wanyama, bila nguo. Túrin akamrushia bilauri nzito ya kunywea, ikampasua mdomo. Kesho yake asubuhi Saeros akamvizia msituni kwa upanga na ngao, akamrukia kwa nyuma. Túrin alikuwa mpiganaji wa kweli, akamshinda. Hakumuua. Akamvua nguo zote na kumkimbiza msituni uchi, ili aonje tusi lake mwenyewe. Saeros kwa hofu akajaribu kuruka korongo lenye kijito chini, hakufika ng'ambo, akaangukia jiwe, akafa.

Mablung na wenzake walifika mwishoni. Walichokiona ni mtu uchi anakimbia kwa mayowe na Túrin nyuma yake na upanga. Shahidi wa macho kabisa, mkweli, asiye na chuki, na bado alichokiona ni kipande. Mablung akamwomba Túrin arudi akahukumiwe na mfalme. Túrin akakataa. Akaamini kwamba hawezi kupata haki pale, akatoka nje ya Mshipi, akaenda zake porini.

Kesi ikasikilizwa mshtakiwa hayupo. Mwenzangu hapo akaruka juu: kesi ya upande mmoja hiyo! Ndiyo, lakini angalia ilivyoendeshwa. Thingol alisikiliza kila aliyekuwa na neno. Alikubali kwamba tusi la mezani lilikuwa kubwa. Lakini kumvua mtu nguo na kumkimbiza mpaka kifo, akaona, kumezidi kosa lenyewe. Akapanga kumfukuza Túrin nchini mpaka siku atakapokuja mwenyewe kuomba msamaha. Na kabla ya kuitamka hukumu rasmi akauliza: kuna anayeona hili si haki? Kama yupo, aseme. Kimya.

Ndipo Beleg akaingia mbio, amemshika mkono binti mmoja.

Binti huyu ni Nellas. Anaishi msituni, hana cheo, hapendi kuingia Menegroth kwa sababu anaogopa kuta za mawe na dari juu ya kichwa. Alipokuwa mtoto Túrin alicheza naye, na kwa agizo la Melian, Nellas alikuwa akimwangalia kwa mbali. Asubuhi ile alikuwa amekaa juu ya mti. Akasimama mbele ya mfalme anatetemeka, akasema hivyo, kwamba alikuwa mtini. Mfalme akatabasamu kidogo. Binti akapata ujasiri, akakumbusha kwamba na wengine wamewahi kukaa mtini, hata Lúthien. Tabasamu la mfalme likakatika hapo hapo, nitawaambia kwa nini. Kisha akaeleza yote: nani alimvizia nani, nani alianza kwa upanga, na kwamba Túrin angeweza kuua akaacha.

Hukumu ikageuka palepale. Thingol akasema Saeros aliitafuta ajali yake, akamfuta Túrin hatia, na kosa lolote lililobaki akalisamehe. Akamruhusu Beleg aende kumtafuta.

Sasa mimi ninachokipenda hapa si ukarimu wa mfalme. Wafalme wakarimu wamejaa kwenye hadithi. Ninachokipenda ni kwamba ushahidi wa binti wa porini asiye na jina ulishinda ushahidi wa kamanda wa jeshi, na kamanda hakununa. Na ili mjue hilo ni jambo zito kiasi gani, lazima tutoke Doriath twende Uingereza yenyewe, kwa sababu Tolkien hakuwa mtunzi tu. Alikuwa profesa wa lugha na fasihi ya Waanglo-Saksoni, Oxford, tangu 1925 mpaka 1945. Sheria za watu wale alizisoma kama sisi tunavyosoma desa usiku wa kuamkia test, tofauti ni kwamba yeye alizielewa.

Sheria ya zamani kuliko zote zilizoandikwa kwa Kiingereza ni ya mfalme Æthelberht wa Kent, kwenye miaka ya 600 hivi. Ukiisoma ni kama bei za dukani. Ukimtoa mtu jicho unalipa shilingi 50. Sikio likikatwa, shilingi 12. Kidole gumba, 20. Ukiua mtu huru, shilingi 100. (Shilingi zao zilikuwa dhahabu, msianze kulinganisha na za kwetu.) Malipo ya kuua waliyaita wergild, thamani ya mtu, na wale wa pwani mtaona mara moja inavyokaribiana na diya. Lengo lilikuwa kuzuia kisasi: badala ya ukoo kuua ukoo, lipaneni, yaishe. Tolkien alilijua neno hilo vizuri hadi akaliweka kwenye Lord of the Rings, pale Isildur anapoing'ang'ania ile Pete kama fidia ya baba yake na ndugu yake. Tunajua matokeo.

Lakini kuna upande wa pili wa sheria hizo. Kiapo nacho kilikuwa na bei. Mshtakiwa alileta watu wa kuapa pamoja naye, na uzito wa kiapo ulifuata cheo: kiapo cha bwana mwenye cheo kilihesabiwa sawa na viapo vya watu sita wa kawaida. Sita! Kwa hesabu hiyo binti anayelala mitini angekuwa na uzito gani mbele ya Mablung? Hata asingeitwa. Kwa hiyo Tolkien alizijua mahakama zilivyokuwa kweli, halafu akatunga mahakama ambayo mfalme anamsubiri muoga amalize sentensi.

Na Túrin kukimbilia porini nako si bahati mbaya ya hadithi. Iceland, ambako bunge lao lilianza mwaka 930, adhabu kubwa kuliko zote iliitwa skóggangr, yaani kwenda msituni. Mtu akipewa hiyo hana tena sheria ya kumlinda, yeyote anaweza kumuua bila kulipa, na hakuna anayeruhusiwa kumpa chakula. Na kwa mwenzangu wa chumba: Waiceland hao waliishi karibu miaka 200 bila kuandika sheria zao. Walikuwa na mtu maalumu aliyezikariri kichwani na kuzisoma kwa sauti mbele ya bunge, theluthi moja kila mwaka, miaka mitatu unamaliza zote, unaanza upya. Waliziandika kwenye majira ya baridi ya 1117 kuingia 1118. Kwa hiyo mahakama bila kitabu inawezekana, bwana, ila ina masharti. Iceland wote walizisikia sheria. Doriath sheria ilikuwa kifuani mwa mtu mmoja.

Túrin basi alijihukumu mwenyewe adhabu ya skóggangr kabla mahakama haijakaa. Akaangukia kundi la wahalifu porini, akawa kiongozi wao. Swali ambalo limenikalia kichwani ni hili: kwa nini hakurudi? Wasomaji wengi wanasema kiburi, na kiburi anacho, hadi kinamwagika. Lakini tumtazame kama mgeni anayeitazama mahakama ya wenyeji wake. Alikuwa na sababu.

Kuna suala la lugha, kwanza. Miaka mingi kabla yake, Thingol aligundua kwamba Waelvi wa kabila la Noldor, waliohamia jirani kutoka ng'ambo ya bahari, waliwaua ndugu zake bandarini Alqualondë ili kuchukua merikebu zao. Alikuwa na haki ya kukasirika. Adhabu aliyotoa? Alipiga marufuku lugha yao katika nchi yake yote. Isisemwe, isijibiwe. Aliyeua na asiyeua, mtoto aliyezaliwa jana, wote wakapoteza lugha. Nyie mliochapwa viboko shuleni kwa kuongea Kiswahili mnajua ladha yake. Na lugha ile ilipona kwa namna iliyoonekana: ikawa ya vitabu na ya mabwana wa Noldor wakiwa peke yao.

Halafu kuna Beren, na hapa ndipo lilipozimikia lile tabasamu. Beren alikuwa binadamu, akapendana na Lúthien, binti pekee wa mfalme. Thingol alikuwa amemwapia binti yake kwamba hatamuua huyo kijana wala kumfunga. Sasa mzee afanye nini? Akamtajia mahari: leta Silmaril moja, kito cha nuru kilicho kwenye taji la Morgoth, adui mkuu wa dunia, ngomeni kwake. Kiapo hakikuvunjika hata herufi moja, na ilikuwa hukumu ya kifo. Lúthien alipotaka kumfuata, baba akamjengea nyumba juu ya mti mrefu uitwao Hírilorn, ngazi zikaondolewa. Gerezani bila shtaka, mtoto wake mwenyewe. Alitoroka kwa kamba aliyoisuka kwa nywele zake.

Kwa hiyo kijana wa kibinadamu, amemwaga damu ya mshauri wa mfalme, anaambiwa njoo tu, mfalme ni mwenye haki. Wewe ungerudi? Thingol wa kesi ya Nellas ni Thingol aliyeshaumizwa na kesi ya Beren na kubadilika. Lakini mabadiliko hayo yalikuwa kifuani kwake, na Túrin hakuwa na mahali pa kuyasoma. Hapo nikampa mwenzangu pointi yake nusu. Kitabu cha sheria hakimsaidii sana hakimu mwema. Kinamsaidia mtu aliyesimama nje ya mlango, anapojiuliza aingie au akimbie.

Linganisha na Gondolin, ufalme mwingine wa Waelvi, mji uliofichwa milimani chini ya mfalme Turgon. Kule sheria ilikuwepo, moja, fupi, na kila mtu aliijua: ukiingia hutoki. Sababu ni kwamba siri ya njia ndiyo ukuta wa mji. Mwaka 400 kwa kalenda yao aliingia Eöl, Mwelvi wa gizani, akimfuata mkewe Aredhel, dada wa mfalme, na mtoto wao Maeglin, waliokuwa wamemtoroka. Turgon akamwambia kistaarabu: ukae hapa au ufie hapa. Eöl akachagua kifo, kwake na kwa mwanawe. Akachomoa mkuki mdogo aliouficha chini ya joho, akaurusha kwa Maeglin, Aredhel akajitupa mbele, ukamchoma begani. Kesi ikapangwa kesho yake, na Aredhel pamoja na Idril, binti wa mfalme, wakaomba Eöl ahurumiwe. Ila mkuki ulikuwa na sumu. Aredhel akafa usiku. Asubuhi Eöl akatupwa kutoka jabali la Caragdûr, na Maeglin akasimama pale bila kusema neno.

Kisheria huwezi kuwalaumu, muuaji ameua mbele ya mfalme. Lakini kijana aliyesimama kimya alilelewa mjini humo kama mwana wa heshima, na ndiye aliyekuja kuuza siri ya njia kwa Morgoth. Mji ukaanguka mwaka 510.

Kati ya hapo kuna jambo watu wanalipita. Mwaka 458 Húrin, yule yule baba yake Túrin, na mdogo wake Huor, wakiwa vijana, waliletwa Gondolin na tai wakubwa wa milimani. Wakakaa karibu mwaka, kisha wakaomba kurudi kwao. Sheria inasema hutoki. Húrin akajenga hoja ambayo mhadhiri yeyote wa sheria angempa A: sisi tumebebwa angani, njia hatuijui, kwa hiyo siri tunayokatazwa kutoka nayo hatunayo. Turgon akakubali, wakaapa kunyamaza, wakaondoka walivyokuja. Maeglin hakupenda. Yeye baba yake alikufa kwa sheria hiyo, sasa inalegezwa kwa wageni. Na ukitulia, hoja yake nayo ina uzito, ingawa ilitoka kwenye moyo mbaya.

Hayo ndiyo maisha ya Waelvi, wadau. Huko Nargothrond wananchi walitaka wakuu wawili wasaliti wauawe, Orodreth akakataa damu ya ndugu isimwagwe tena, akawafukuza bila mkate wala pa kulala. Na Thingol mwenyewe alikufa kwenye mgogoro wa ujira, akibishana na mafundi Wadwafi, wale watu wafupi wa milimani, juu ya mkufu waliomtengenezea. Akawatukana na kuwaamuru watoke bila malipo. Wakamuua humo humo karakanani. Mtu aliyekuwa mahakama yote ya nchi akafa akihukumu kesi yake mwenyewe.

Kitu kimoja kwa watakaotaka kusoma: kwenye The Silmarillion ya 1977 Nellas hayumo. Mfalme anaujua ukweli, anasamehe, hadithi inasonga. Binti yumo kwenye Unfinished Tales ya 1980 na The Children of Húrin ya 2007, vyote vilivyoandaliwa na Christopher, mtoto wa Tolkien. Msiishie kwenye kile cha kwanza.

Beleg alimpata Túrin porini, akampa habari: umesamehewa, hukumu imefutwa, rudi nyumbani. Túrin akakataa tena, hakutaka kuonekana mtu wa kusamehewa. Beleg akamweleza jinsi ilivyokuwa, kwamba ni Nellas aliyemtetea. Túrin akaanza kujiuliza ni Nellas yupi. Alimkumbuka kwa shida, kama mtu anayetazama utoto wake kupitia ukungu. Nellas hakumwona tena.